Kikombe Mkononi mwa Malkia: Wanawake katika Tenzi za Kishujaa za Waanglo-Saksoni

Jioni imeingia, karamu imekolea ndani ya Heorot, ukumbi wa Hrothgar mfalme wa Wadenmaki. Amefika mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, kijana Beowulf, aliyekuja kumuua Grendel, zimwi linaloushambulia ukumbi huo, na wanaume wamekwisha kurushiana maneno makali. Ndipo anapotokea Wealhtheow, mke wa mfalme, amejipamba dhahabu, kikombe mkononi. Hamwendei mgeni. Anaanza na mumewe, mwenye nchi, anamtaka anywe na kufurahi. Kisha anauzunguka ukumbi, wazee wa vita na vijana, mmoja mmoja, na mgeni anafikiwa mwisho. Beowulf anakipokea kikombe na papo hapo anatamka kiapo: ama aimalize kazi iliyomleta, ama afie humo humo ukumbini. Mshairi anatuambia kwamba maneno hayo yalimpendeza sana yule mwanamke, naye akaenda kuketi kando ya bwana wake.

Ukisoma haraka utaona mke wa mfalme anawahudumia wageni, basi. Nami niliposoma utenzi wa Beowulf mara ya kwanza niliipita sehemu hii mbiombio, nikilitafuta zimwi. Siku hizi ndipo ninapokaa zaidi. Katika jamii ile, nani anywe kabla ya nani lilikuwa jambo la cheo, na kila aliyemo ukumbini alilitazama. Malkia anapozunguka na kikombe anawapanga wanaume mbele ya macho yao wenyewe: huyu ndiye bwana wenu, hawa ndio nguzo zake, na huyu mgeni tumempokea. Beowulf alikuwa amekwisha kujisifu mara mbili kabla ya hapo, mara ya kwanza mbele ya mfalme, mara ya pili akibishana na Unferth, mmoja wa watu wa mfalme. Majigambo ya karamuni huenda na upepo. Ahadi iliyotolewa juu ya kikombe cha malkia, mashahidi wakiwa ni jeshi zima, haina njia ya kurudi.

Shairi moja la mawaidha la Waanglo-Saksoni, yaani Waingereza wa kale, linaitaja kazi hii waziwazi. Linasema mke wa mtukufu awe mchangamfu, atunze siri, awe mkarimu wa farasi na vitu vya thamani. Watu wanapokunywa pombe ya asali amsalimu kwanza mlinzi wa watukufu, amtie kikombe cha kwanza mkononi bila kukawia, na awe na shauri la kuwafaa wote wawili, wenye nyumba. Siri, ukarimu, kikombe, shauri: vyote vimefungwa katika tita moja. Anayekiona kikombe peke yake ameona robo ya kazi.

Tenzi hizi zimetufikia kwa bahati. Beowulf, wenye mistari 3,182, umebaki katika nakala moja tu ya mkono iliyoandikwa karibu na mwaka 1000, ambayo leo iko British Library, London. Mwaka 1731 moto ulizuka katika Ashburnham House ilikokuwa imehifadhiwa. Nakala ikaponea chupuchupu, kingo za kurasa zikiwa zimeungua. Katika jalada hilohilo umo utenzi wa Judith, ambao mwanzo wake umepotea. Shairi la mawaidha nililolitaja limo katika kitabu cha karne ya 10 ambacho askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, alikiachia kanisa kuu la Exeter. Utenzi wa Waldere umebaki karatasi mbili, zilizopatikana katika maktaba ya kifalme ya Copenhagen mwaka 1860. Na visa vyenyewe vya kishujaa kwa sehemu kubwa si vya Uingereza: ni vya Denmark, kusini mwa Sweden na pwani ya Frisia, upande ule wa bahari walikotoka mababu. Waliovuka walivuka na hadithi zao.

Sasa tufike kwenye neno linalotatanisha watu. Usome chochote kuhusu wanawake hawa, hutakosa kukutana na freothuwebbe, yaani mfuma amani. Maelezo ya kawaida ni kwamba binti wa kabila hili huozwa kwa kabila lile ili kukomesha kisasi, na kwa kuzaa watoto wenye damu ya pande mbili anawafuma maadui wawe kitambaa kimoja. Ndoa za namna hiyo zilikuwapo kweli. Lakini neno lenyewe limebebeshwa mzigo kuliko uwezo wake. Katika ushairi wote wa Kiingereza cha Kale uliosalia linaonekana mara tatu tu. Mara moja anaitwa hivyo Ealhhild, ambaye katika shairi la Widsith anasafiri pamoja na malenga kwenda kwa mfalme wa Wagothi. Mara nyingine limo katika Beowulf, katika habari za binti mfalme aliyekuwa akiwaua watu, na huyo nitamrudia. Na mara nyingine tena, katika utenzi wa Elene, mfuma amani ni malaika aliyemtokea mfalme Constantine, na hapo neno limevaa umbo la kiume.

Malaika haozwi. Kwa hiyo neno hili halikuwa jina la cheo cha bibi harusi aliyepelekwa kwa maadui. Linataja kazi ya yeyote akaaye kati ya pande mbili na kupitisha uzi. Kwamba uzi huo ulikuja akilini kwao kwanza kama kazi ya wanawake si ajabu. Kwenye kitanda cha mfumi cha zama zile mtande ulisimama wima, ukivutwa chini na vipande vizito vya udongo, na mshindio ulikazwa kwa bapa lenye umbo la upanga. Mabapa hayo ya chuma yamekutwa katika makaburi ya wanawake matajiri wa Kent ya karne ya 6, yamelazwa kando yao kama upanga ulivyolazwa kando ya mwanamume. Mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899, katika wasia wake anawagawa jamaa zake kuwa upande wa mkuki na upande wa kijiti cha kusokotea nyuzi. Waswahili tungesema kuumeni na kukeni, na tungemwelewa bila mkalimani.

Mwanamke ambaye wasomaji humwita mfuma amani kuliko wote, Hildeburh, utenzi haumwiti hivyo hata mara moja. Kisa chake kinaimbwa na malenga ndani ya Heorot, katika karamu ya ushindi baada ya Grendel kuuawa. Hildeburh ni Mdenmaki aliyeolewa na Finn, mfalme wa Wafrisia. Kaka yake, Hnæf, anakuja na watu wake kukaa kwa shemeji, na mapigano yanalipuka. Mshairi hatuonyeshi pigo hata moja. Anatuonyesha asubuhi: kulipokucha, asema, ndipo mwanamke yule alipoweza kuona chini ya anga jinsi jamaa zake walivyouawa. Kaka yake amekufa. Mwanawe amekufa pia, na wengi husoma kwamba kijana alipigana upande wa baba yake.

Katika mkasa huo wote hanyanyui mdomo kusema neno ambalo sisi tunalisikia. Lakini anaamuru, na kitenzi alichopewa ni cha amri kweli, kilekile kinachotumika kwa wafalme: aliamuru mwanawe alazwe juu ya kuni za maziko ya Hnæf, bega kwa bega na mjomba wake. Kiingereza cha Kale kilikuwa na neno eam kwa ndugu wa kiume wa mama, na neno jingine kabisa kwa ndugu wa baba. Kiingereza cha leo kimewachanganya wote wawili katika neno moja, na msomaji wake lazima aelezwe uzito wa mstari huu. Kwetu mjomba ni mjomba. (Nakala ya mkono ina herufi moja ya ziada hapo, ambayo wahariri wengi huiondoa ili neno lisomeke hivyo, nami naona wamefanya sawa, kwa sababu kisa chote kinaelekea hapo.) Mtoto wa Finn anarudishwa kwa mjomba wake ndani ya moto, na mama mtu ndiye anayeupatanisha ukoo kwa njia pekee iliyobaki. Anaimba mbolezi. Moshi unapaa. Vichwa vinayeyuka, majeraha yanapasuka, na moto unawala watu wa pande zote mbili.

Wadenmaki waliosalia wanakaa na Finn majira yote ya baridi kwa kiapo cha suluhu. Bahari inapofunguka, kisasi kinaamka, na Finn anauawa nyumbani kwake. Mstari unaofuata ndio unaonikaa rohoni kuliko yote. Wapiganaji wa Kidenmaki, asema mshairi, walisafirisha hadi melini mali yote ya mfalme wa nchi, kila kito walichokipata. Halafu, kwa kitenzi hichohicho, walimsafirisha yule mwanamke mtukufu baharini hadi kwa Wadenmaki, wakamfikisha kwa watu wake. Amerudi nyumbani akiwa mzigo wa mwisho wa shehena.

Anayedhani haya ni ya hadithi tu aangalie historia. Mtawa Bede, aliyemaliza kitabu chake mwaka 731, anaeleza habari za Osthryth, binti wa Oswiu mfalme wa Northumbria, aliyeolewa na Æthelred mfalme wa Mercia. Falme hizo mbili zilikuwa na damu kati yao. Mwaka 679 zilipambana karibu na mto Trent, na humo akauawa Ælfwine, kaka wa Osthryth, kijana wa miaka kama 18, aliyependwa, asema Bede, katika nchi zote mbili, maana dada yake alikuwa mke wa mfalme wa upande wa pili. Kisasi kilikuwa mlangoni. Askofu mkuu Theodore aliingia kati, ikalipwa dia badala ya roho za watu, na amani ikadumu miaka mingi. Osthryth naye alijaribu kufuma kwa njia yake: alitaka mifupa ya Oswald, ndugu wa baba yake, izikwe katika monasteri ya Bardney, nchini kwa mumewe. Watawa wakakataa kuipokea jioni ile, kwa kuwa Oswald, ingawa walimjua kuwa mtakatifu, aliwahi kuwatawala kwa nguvu. Mifupa ikalala nje usiku kucha kwenye gari lake, imefunikwa turubai. Bede anasema nguzo ya nuru ilisimama juu yake hadi mbinguni, na asubuhi watawa wakaomba wenyewe iingizwe. Lakini mwaka 697 Osthryth aliuawa, na waliomuua ni wakuu wa Mercia, watu wa mumewe.

Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini Beowulf, anaporudi kwao na kuulizwa habari za safari, anazungumza kwa huzuni juu ya msichana aliyemwona akipitisha vinywaji. Ni Freawaru, binti wa Hrothgar, ameposwa na Ingeld wa Waheathobardi ili uhasama uishe. Beowulf anatabiri: harusini, mzee mmoja wa vita atauona upanga uliokuwa wa baba wa kijana fulani ukining'inia kiunoni mwa Mdenmaki, atamnong'oneza kijana huyo, na damu itamwagika. Mkuki hautulii muda mrefu, asema, hata bibi harusi awe mwema namna gani. Kosa halimo kwa Freawaru. Ametumwa kufunga kwa uzi mmoja jeraha ambalo wanaume wamelibeba viunoni mwao kama mapambo.

Turudi kwa Wealhtheow, maana mshairi amempangia ukatili wa hali ya juu. Malenga akishamaliza tu kuimba kisa cha Hildeburh, mara Wealhtheow anaingia tena ukumbini. Mama aliyempoteza mwana ametoka, mama mwenye wana wawili ameingia. Anawaendea Hrothgar na Hrothulf, mtoto wa ndugu wa mfalme, walioketi pamoja; udugu wao, asema mshairi, ulikuwa bado mzima. Hilo neno "bado" ni sindano.

Hotuba anayoitoa ni ya kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho. Ameambiwa kwamba mume wake, kwa furaha ya ushindi, anataka kumfanya Beowulf mwanawe. Haipingi fadhila hiyo hadharani, wala hamwaibishi mgeni. Anamwambia mumewe: pokea kikombe hiki, bwana wangu, uwe mkarimu kwa wageni, ila nchi na watu uwaachie jamaa zako siku utakapoondoka. Kisha, Hrothulf akiwa ameketi palepale akisikia, anasema anamjua Hrothulf wake mwema, kwamba atawatunza vijana kwa heshima, akikumbuka yote ambayo wao wawili walimtendea alipokuwa mtoto. Haombi; anamfunga. Amemlea, na sasa anamdai malezi mbele ya mashahidi. Halafu anageuka kwenye benchi walipo wanawe, Hrethric na Hrothmund, na katikati yao ameketi Beowulf. Anampa mkufu wa dhahabu ambao mshairi anaulinganisha na mikufu ya hadithi za kale, na kumwomba awe mpole kwa watoto wake. Anamaliza akisema kwamba humu ndani kila mtu ni mwaminifu kwa mwenzake, na wanaume wakishakunywa hufanya nitakavyo.

Je, walifanya? Wasomaji wengi huona kivuli cha usaliti wa Hrothulf juu ya maneno hayo, na kuna sababu: hadithi za Skandinavia zinamkumbuka yeye kama mfalme mkuu wa Wadenmaki, si wana wa Wealhtheow. Mshairi wetu hasemi wazi. Anachokisema wazi ni habari ya mkufu, tena papo hapo kabla malkia hajamaliza kuutoa: siku moja utakuwa shingoni mwa Hygelac, mjomba wa Beowulf, atakapouawa akivamia Frisia. Dhahabu ya mwanamke huyu imepewa maiti ya kuvalishwa kabla haijafika mkononi mwa aliyetunzwa.

Pembeni yake mweke Hygd, mjane wa Hygelac huyohuyo. Baada ya kifo cha mumewe anampa Beowulf hazina, watu na kiti cha enzi, kwa sababu hamwamini mwanawe mdogo kuilinda nchi dhidi ya majeshi ya wageni. Wealhtheow anapigania urithi wa wanawe. Hygd anauweka kando urithi wa wake kwa ajili ya nchi. Wote wawili wanazungumza kuhusu kiti cha enzi, na hakuna mwanamume katika utenzi anayeshangaa kwamba mwanamke anakizungumzia. Beowulf anakataa, anamlinda kijana, lakini hamwambii Hygd kwamba neno hilo si lake.

Yule binti mfalme niliyeahidi kumrudia wengi humwita Modthryth, ingawa wahariri hawakubaliani hata juu ya jina lake. Mwanamume yeyote aliyethubutu kumtazama mchana usoni alifungwa kamba na kukatwa upanga. Haifai, asema mshairi, mfuma amani kumtoa mtu roho kwa kosa la kuzuliwa. Baadaye aliolewa na mfalme Offa, akasifika kwa wema kitini pa enzi. Husemwa kwamba mume alimfuga. Mimi naona kwamba amri ya kuua haikumshangaza mshairi kama amri. Kilichomchukiza ni kwamba ilitolewa bila sababu. Kwa wanaopenda nakala za mkono: mwandishi wa kwanza wa Beowulf anaiweka kalamu chini katikati ya kisa hiki, na mkono wa pili unakidaka hapo hapo.

Na sasa mama yake Grendel, ambaye tafsiri nyingi zimemdhulumu. Hana jina. Mwanawe ameuawa, mkono wake umetundikwa Heorot kama nyara. Usiku unaofuata anakuja, anamchukua mtu mmoja tu, Æschere, mshauri ambaye Hrothgar alimpenda kuliko wote, anauchukua na mkono wa mwanawe, anaondoka. Mmoja kwa mmoja: ndiyo sheria ya kisasi kama kila mwanamume wa ukumbi ule alivyoijua, na Hrothgar mwenyewe anakiri kwamba amelipiza. Beowulf, akimfariji mfalme, anasema ni afadhali mtu amlipizie rafiki yake kuliko kuomboleza sana. Msemo huo umenukuliwa mara nyingi kama roho ya ushujaa wa kale. Aliyeutekeleza kabla ya Beowulf kuutamka ni mama huyu.

Mshairi anamwita ides aglæcwif. Ides ni mwanamke wa heshima. Ndivyo anavyoitwa Wealhtheow, ndivyo anavyoitwa Hildeburh. Neno la pili limefasiriwa muda mrefu kuwa zimwi la kike. Lakini aglæca, neno lililo ndani yake, linatumika pia kwa shujaa Sigemund, na mwishoni mwa utenzi linawataja kwa pamoja Beowulf na joka wanaouana. Haliwezi kumaanisha zimwi kwa mama na shujaa kwa wanaume. Linaelekea kumaanisha mpiganaji wa kutisha, wa upande wowote. Tena utenzi unasema alitawala vilindi kwa nusu-miaka mia, yaani miaka 50, na kwa maneno hayohayo Hrothgar anasema alivyowatawala Wadenmaki. Ni mtawala, ana makao, ana silaha. Mshairi anatuambia kwamba kitisho chake kilikuwa kidogo kuliko cha mwanamume, kisha anaandika pambano ambalo upanga maarufu uitwao Hrunting unashindwa, Beowulf anaangushwa, na mama anamkalia kifuani na kisu mkononi. Ninaamini pambano kuliko tangazo.

Simtetei kwa kuua. Ninasema kwamba mshairi aliweka kando kwa kando mama watatu katika usiku mmoja na siku yake. Hildeburh alikaa kimya, akaamuru moto. Wealhtheow alinena, akafunga watu kwa kikombe. Wa tatu hakuwa na ukumbi wa kunenea wala moto wa kuzika, kwa sababu mkono wa mwanawe ulikuwa umetundikwa ukutani kwa watu wengine. Akaenda kuufuata.

Wapo pia wanaosukuma vita badala ya kuizuia. Katika vipande vya Waldere, sauti ambayo wataalamu wengi huitambua kuwa ya Hildegyth, mchumba wa shujaa, inamwambia kwamba kazi ya mhunzi Weland haitamwangusha anayeweza kuushika upanga uitwao Mimming, na kwamba leo ni ama kupoteza uhai ama kupata sifa ya kudumu. Hakuna chozi hapo. Na Judith, katika jalada lilelile la Beowulf, anamkata kichwa Holofernes, mkuu wa jeshi la adui, kwa mapigo mawili baada ya kumvuta kwa nywele hadi akae vizuri kwa upanga. Mtumishi wake anakibeba kichwa katika mfuko, na Judith anawahutubia wapiganaji kama jemadari. Katika Biblia anatunzwa hema, vyombo vya fedha na samani za Holofernes. Mshairi wa Kiingereza cha Kale anampa upanga wa adui, chapeo yake na deraya yake, vitu ambavyo katika tenzi hizi hupewa shujaa aliyeshinda. Padri Ælfric, aliyeandika miaka ileile ya uvamizi wa Wadenmaki, anamwambia mtukufu mmoja aitwaye Sigeweard kwamba kisa cha Judith kimewekwa kwa Kiingereza kiwe mfano kwa watu, wailinde nchi yao kwa silaha. Wanaume walipewa mwanamke wa kumwiga.

Nayo mashairi mawili mafupi ya kitabu cha Exeter yanatupa kile ambacho tenzi ndefu zilimnyima Hildeburh, yaani sauti yake mwenyewe. Moja lina mistari 53, jingine 19. Tunajua wanenaji ni wanawake kwa sababu sarufi ya Kiingereza cha Kale ilibadilisha miisho ya maneno kwa jinsia. Mmoja ameachwa aishi pangoni chini ya mwaloni, ndugu wa mumewe wakiwa wamepanga kuwatenganisha. Mwingine yuko kisiwa kimoja, mpenziwe Wulf kisiwa kingine. Hawaelezi visa vyao kwa mpangilio. Wanalia juu ya mambo ambayo wasikilizaji wao pengine waliyajua tayari.

Utenzi wa Beowulf unafungwa na mwanamke kama hao. Shujaa amekufa, hana mtoto, na Wageati, watu wake, wamemwekea kuni, wakatundika pembeni yake chapeo, ngao na deraya kama alivyoomba. Moto unaunguruma ukichanganyika na vilio. Ndipo anapotajwa mwanamke wa Kigeati, nywele zake zimefungwa, anaimba mbolezi. Ukurasa huo ni miongoni mwa zilizoharibika vibaya zaidi katika nakala nzima, na herufi zake husomwa kwa shida, lakini yanayosomeka yanatosha. Haimbi sifa za marehemu. Hizo wanaume watakuja kuziimba baadaye, wakizunguka kaburi juu ya farasi. Yeye anaimba anachokiona kinakuja: siku mbaya, mauaji mengi, hofu ya majeshi, kudhalilishwa, kuchukuliwa mateka. Mbingu, asema mshairi, ziliumeza moshi.